Mwenye Kufa Ugenini: Siku Nne Katika Mji wa Zaytun

Mzigo ulichelewa siku nne. Soli za raba nilizoagiza zilitoka rangi siyo, kiwanda kikaomba muda wa kuzirudia, nami nikabaki Jinjiang, mji wa viatu kusini mwa China, nimejilaza kwenye chumba cha hoteli naangalia dari. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua maana ya siku nne zisizo na kazi: hoteli inakula hela, tumbo linakula hela, na kodi ya fremu Dar haisimami kukusubiri. Hii ilikuwa safari yangu ya tisa. Guangzhou naijua ghala kwa ghala, Yiwu naijua ghorofa kwa ghorofa. Lakini China ya watu, China ya zamani, sikuwahi kuitazama hata siku moja.

Aliyenitoa chumbani ni kijana wetu anayesoma chuo kikuu huko, mtoto wa jirani yangu wa Temeke.

"Shikamoo shangazi. Mama kaniambia umekwama."

"Marahaba mwanangu. Nimekwama kweli."

"Basi Quanzhou mjini ni hapo tu, teksi nusu saa. Kuna msikiti una miaka elfu moja. Nikupitie?"

Nilidhani anatia chumvi kwenye hiyo miaka. Hakutia. Msikiti ule ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009. Ukitaka kipimo cha kwetu, msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Huu wa Quanzhou umeutangulia kwa karibu miaka mia.

Mji uko pwani ya mkoa wa Fujian, unatazamana na Taiwan. Kwa karne nne hivi, za enzi za tawala za Song na Yuan, kati ya karne ya 10 na ya 14, ulikuwa moja ya bandari kubwa kabisa duniani, na kwa ajili hiyo mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo yake 22 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wachina wa zamani walipanda kuuzunguka mji miti yenye miiba na maua mekundu makali, wakauita mji wa citong, jina la mti huo. Mabaharia wa Kiarabu waliposikia neno hilo masikio yao yakapata "zaytun", mzeituni, na kwa jina hilo bandari ikajulikana kote Bahari ya Hindi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika huko miaka ya 1340 akaandika kwamba mizeituni yenyewe hakuna, ni jina tu. Akaandika pia kwamba bandarini aliona majahazi makubwa yapata mia moja, na madogo hayahesabiki.

Hapo kijana alipokuwa akinieleza ndani ya teksi, nilimkatisha. Ibn Battuta yupi? Huyu wetu? Maana mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje. Shuleni tulifundishwa kwamba alikuja Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji, akaondoka. Kwetu hadithi yake iliishia pale jahazi lilipong'oa nanga. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba miguu ile ile iliyokanyaga Kilwa Kisiwani ilikuja kukanyaga mtaa huu ambao teksi yetu ilikuwa imekwama kwenye foleni.

Mtaa unaitwa Tumen. Una pikipiki za umeme zisizo na sauti, maduka ya chai, vibasi vidogo vyeupe vya kuzungusha watalii. Halafu ghafla, pembeni ya barabara, lango la mawe. Nilishuka nikasimama nisijue niseme nini. Ni refu kama nyumba ya ghorofa kadhaa, limejengwa kwa jiwe la kijani linaloelekea weusi, lenye matao yaliyochongoka juu, tao ndani ya tao, na ukiingia chini yake ukainua kichwa unaona kuba la mawe lenye mbavu kama ua lililogeuzwa. Juu ya lango kuna jukwaa walilokuwa wakipanda kuangalia mwezi mwandamo. Nilipoambiwa hivyo niliwaona kabisa: wazee wamesimama juu kule, macho magharibi, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, na chini watoto wanauliza umeonekana, umeonekana?

Ukutani, nyuma ya lango, yamechongwa maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka wa kujengwa, kisha yanasema kwamba karne tatu baadaye, mwaka 710 wa Hijria, msikiti ulikarabatiwa na Ahmad bin Muhammad, Mshirazi. Mshirazi! Neno hili kwetu halihitaji kamusi. Nusu ya watu wa pwani wanasema babu zao ni Washirazi, na Kilwa yenyewe tunasimuliwa ilianzishwa na mwana wa sultani kutoka Shiraz, Uajemi, aliyekuja na majahazi. Wataalamu wanabishana sana kuhusu hadithi hiyo na mimi siingii kwenye ubishi wao. Ninachosema ni kwamba nililisoma jina hilo kwa macho yangu, herufi kwa herufi, kwenye jiwe la China, na nililisoma bila mkalimani. Kwa safari tisa, hayo yalikuwa maandishi ya kwanza ya ukutani China ambayo niliyaelewa.

Ukumbi wa sala uko kushoto kwa lango, na hauna paa. Liliporomoka kwenye tetemeko la ardhi mwanzoni mwa karne ya 17 na halikurudishwa. Zimebaki kuta nene za mawe, madirisha upande wa barabara, vitako vya nguzo ambazo hazipo, na upande wa kibla mihrabu yenye aya za Kurani zilizochongwa. Juu ni mbingu tu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha vidimbwi kwenye sakafu, na ndani ya kidimbwi kimoja mihrabu ilikuwa imejitazama.

Aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani ataelewa kwa nini nilikaa chini. Tukiwa wadogo, likizo tulikwenda kwa shangazi yangu Masoko, na kutoka hapo tulivuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale, sehemu yake ya zamani zaidi, ile ya kaskazini, nayo haina paa. Unaingia kusali na juu kuna mawingu. Ni sehemu ya kusini tu iliyobaki na makuba. Misikiti miwili, bahari moja, yote miwili imefunguliwa na Mungu kwa juu.

Kuna jiwe jingine hapo uani ambalo usilipite haraka. Limebeba amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, ya kuwalinda Waislamu: asiwepo ofisa, askari wala raia wa kuwaonea au kuwatukana, na atakayeasi ataadhibiwa. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Amri haitolewi mahali ambapo hakuna uonevu, kwa hiyo jiwe lile linanieleza mambo mawili kwa pamoja, kwamba watu wale waliteseka na kwamba aliyekuwa juu alilijua hilo. Na sala bado ipo. Jengo jipya la kusalia lilijengwa ndani ya ua ule ule kwa msaada wa Oman, na ndimo niliposali adhuhuri, pembeni yangu mama mmoja wa Kichina mwenye hijabu ya maua aliyenisogezea mswala bila neno.

Hatua chache kutoka hapo ni hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale ambaye wafanyabiashara wanamheshimu kwa ahadi zake za kweli. Watu wamejaa, wanarusha vipande viwili vya mbao nyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga kuuliza kama jambo lao litakubaliwa, na moshi wa ubani unavuka ukuta hadi uani kwa msikiti. Mbele kidogo ni hekalu la Confucius. Yote haya kwenye mtaa mmoja.

Siku ya pili tulikwenda jumba la makumbusho ya bahari, na huko ndiko nilikolia. Chumba kizima ni mawe ya makaburi. Mawe ya Waislamu, mawe ya Wakristo yenye msalaba juu ya ua la yungiyungi na malaika wenye nyuso za Kichina, mawe ya Wahindu. Majina ya Waislamu yanataja walikotoka: Isfahan, Tabriz, Bukhara, Hamadan, Shiraz. Na kwenye baadhi yake umechongwa msemo mmoja kwa Kiarabu, nikausoma polepole, kidole hewani: mwenye kufa ugenini amekufa shahidi.

Nimewahi kumsindikiza mwenzetu aliyefia Guangzhou. Tulichanga, tukahangaika na makaratasi, mwili ukarudi nyumbani. Wale wa Zaytun hawakuwa na ndege. Mtu alikuja na pilipili au ubani wake akisubiri pepo zigeuke, homa ikampata, na wenzake walichoweza kumpa ni jiwe na maneno hayo ya kumfariji mama yake ambaye hatayasoma kamwe. Kila anayetafuta riziki mbali na kwao asimame mbele ya mawe yale walau dakika tano.

Namna yalivyosalia nayo ni kisa. Mwaka 1357 askari wa kigeni waliokuwa mjini waliasi, vita vikaendelea karibu miaka kumi, na vilipokwisha wageni wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mawe ya makaburi yao yakachukuliwa kujengea ukuta wa mji. Yakakaa humo karne kadhaa, uso umegeukia ndani, hadi karne ya 20 ukuta ulipoanza kubomolewa. Mafundi wakayauza kama mawe ya kawaida ya ujenzi. Mwalimu mmoja wa biolojia mjini hapo, Wu Wenliang, akaanza kuyanunua kwa mshahara wake, moja baada ya jingine, akiyaweka nyumbani kwake, na baadaye akayatoa kwa serikali. Hakuwa Mwislamu wala Mkristo wala Mhindu aliyetafuta mababu zake. Alikuwa mwalimu aliyeona kitu kinapotea akakizuia. Nilifikiria vigae vya bakuli za Kichina tulivyokuwa tukiviokota ufukweni Kisiwani, vya kijani na vya buluu, tukichezea rede na kuvitupa baharini. Bakuli zile zilisafiri kutoka nchi hii hii.

Kijana alinionyesha jambo jingine lililonigusa kwa sababu linahusu biashara yangu. Chendai, pale pale Jinjiang ambako mimi hununua soli, kuna ukoo mkubwa wa watu wa jina la Ding, ambao ni wazao wa Waislamu waliokimbilia kijijini baada ya machafuko yale. Wanasimulia kwamba jina lenyewe ni ile "din" ya mwisho kwenye jina la Kiarabu la babu yao. Wengi leo si Waislamu tena, lakini wanapowatolea mababu sadaka hawaweki nyama ya nguruwe. Miaka yote hii nimekuwa nikipatana bei katika mji wao, na mji huo umebeba kumbukumbu hiyo kimya kimya.

Hekalu la Kaiyuan lilianzishwa mwaka 686, na minara yake miwili ya mawe ya karne ya 13, mmoja una urefu wa mita 48, haikuanguka hata kwenye tetemeko kubwa la mwaka 1604. Watu wanakwenda kwa ajili ya minara, na ni kweli inastahili. Mimi nilivutwa na vitu viwili vingine. Cha kwanza ni nguzo mbili nyuma ya ukumbi mkuu zilizochongwa miungu ya Kihindi, zimetolewa kwenye hekalu la Wahindu lililokuwa mjini na kuingizwa kwenye hekalu la Wabudha, na hakuna aliyezifuta sura. Cha pili ni meli.

Iko kwenye banda lake ndani ya eneo la hekalu. Ilifukuliwa kwenye tope la bandari ya Houzhu mwaka 1974, meli ya enzi ya Song, kilichobaki kina urefu wa mita 24. Tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili kimoja kikipasuka maji yasiende vingine. Mbao ni nyeusi, zimeliwa, misumari unaiona. Ndani yake walikuta shehena: magogo ya kunukia kwa maelfu ya kilo, pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya kasa, na kauri, zile kombe ndogo za baharini, zaidi ya elfu mbili. Nikasoma orodha ile mara ya pili. Ubani, ambari, magamba ya kasa, kauri. Hizo ni bidhaa za upande wetu wa bahari. Siwezi kukuambia kauri zile ziliokotwa ufukwe gani, lakini mtoto yeyote wa Kilwa angezitambua kwa kuzishika tu.

Ukitoka Kaiyuan unaingia Mtaa wa Magharibi, na ushauri wangu ni uuache mapema. Mbele umejaa maduka ya kumbukumbu na vijana wanaopiga picha. Kata kushoto au kulia, ingia vichochoro. Nyumba ni za matofali mekundu yenye michirizi myeusi ya mshazari, alama ya moshi wa kuni za msonobari tanuruni, na mapaa yamepinda juu ncha zote mbili kama mkia wa mbayuwayu. Kuta nyingine zimejengwa kwa vipande vya mawe na matofali yaliyovunjika, vimepangwa kwa ustadi hadi ukuta unapendeza kuliko mpya. Wenyeji wanasema mtindo huo ulianza baada ya lile tetemeko la 1604, watu walipokosa vifaa wakajengea mabaki ya nyumba zao wenyewe.

Na humo wanaishi watu. Hili ndilo lililoniuma kwa wivu. Kanga za kwao zimeanikwa, mtoto anafanya hesabu mlangoni, bibi anachambua mboga kwenye kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa miaka ya nyayo. Mzee mmoja alitukaribisha chai ya Tieguanyin, inayotoka milima ya Anxi humo humo Quanzhou. Alimwaga maji ya kwanza juu ya vikombe kuviosha, akamimina ya pili kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani, akajaza tena kila tulipomaliza. Kijana alitafsiri. Mzee aliuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, pwani. Akauliza kama nyumba za zamani kwetu bado zina watu. Nikafikiria Kivinje, zile nyumba za ghorofa za mawe zenye milango ya kuchongwa ambazo miti imeotea sebuleni, nikamwambia: chache sana, mzee wangu. Akajaza kikombe.

Siku ya tatu tulikwenda Xunpu, kijiji cha wavuvi mdomoni mwa mto. Wanawake wa huko wanasokota nywele nyuma ya kichwa, wanazichoma kijiti cha mfupa, kisha wanazizungushia makoja ya maua, asumini ikiwa ndani yake. Asumini! Harufu ilinifikia kabla sijawaona, nikawa nimesimama kwenye harusi ya Kilwa, vikuba kifuani, bibi yangu ananitunga koja. Siku hizi watalii wanakodi maua hayo na mavazi kwa ajili ya picha, kijiji kizima ni biashara hiyo, na wenyeji wanaipata riziki. Mimi nilikaa na mama mmoja mzee aliyekuwa anapasua chaza mlangoni kwake kwa kisu kifupi. Alinitazama mtandio wangu, akachomoa ua moja kichwani mwake, akanichomekea juu ya kitambaa, pembeni ya sikio.

Ukuta wa nyumba yake ulikuwa wa makombe ya chaza, maelfu kwa maelfu, makubwa kama kiganja, yamepangwa kwa safu za mshazari. Wenyeji husimulia kwamba makombe makubwa namna hiyo si ya hapo, yaliletwa na meli zilizorudi kutoka mbali zikiwa nyepesi, yakawekwa chini ya chombo kuongeza uzito. Wengine wanataja hadi pwani ya Afrika. Nilipitisha mkono juu yake. Ni makali, ya baridi, na ndani yanang'aa.

Asubuhi ya mwisho, kiwanda kikiwa kimeshatuma picha za soli mpya, tulipanda kilima cha Lingshan. Kuna makaburi mawili pamoja, ambayo Waislamu wa huko wanaamini ni ya masahaba wawili wa Mtume waliofika zama za utawala wa Tang, kabla ya Song. Pembeni yake limesimama jiwe dogo la mwaka 1417. Zheng He, amiri Mwislamu wa meli za mfalme, alifukiza ubani hapo kabla ya kusafiri kwenda Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, na nchi nyinginezo. Safari hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani wajumbe wa nchi nyingi, wakiwemo wa Malindi, ambao miaka miwili nyuma walikuwa wamempelekea mfalme twiga. Kwa hiyo wakati ubani ule unapaa, huenda chini bandarini walikuwepo watu wanaongoja kurudi pwani yetu. Tulisoma Fatiha.

Kabla ya kwenda kupakia mzigo nilimwomba dereva anipitishe tena msikitini. Ilikuwa saa tisa alasiri, Kilwa saa nne asubuhi. Nilimpigia mama kwa video, nikaigeuza kamera polepole, kuta, madirisha, mihrabu, mbingu.

"Umerudi lini?" akaniuliza. "Mbona hukuniambia uko Kisiwani?"